Nati Isiyo na Rangi

Nati haikuwa na rangi.

Fundi alipiga magoti kwenye lami ya kona, kando ya gurudumu lililong'oka, akaifuta nati kwa kidole gumba mara tatu. Vumbi likatoka, rangi hakuiona. Bolti yake ilikuwa imekatika vipande viwili. Nyuma yake wenzake walikuwa wanambeba Dereva, mguu umepinda mahali pasipo na goti.

Sheria ya karakana yao ilikuwa moja: ukikaza nati, unaipaka tone la rangi nyeupe. Isiyo na rangi haijakazwa.

Akakumbuka. Asubuhi ile, akiwa kwenye gurudumu la mbele kushoto, mama yake alipiga simu. Alizungumza, wakacheka, kisha akarudi kazini akaanzia gurudumu la kulia.

Aliitia nati mfukoni kabla mtu hajaiona.

Gari lile walilijenga kwa miezi minane, wanafunzi saba, kwa ajili ya mashindano ya vyuo. Waliliita Kiatu kwa sababu ya umbo lake. Fundi ndiye aliyechomelea kila bomba la fremu, na hakuna aliyemtilia shaka. Watu walisema ajali haina kinga, na wenzake wakaanza kulitengeneza upya.

Yeye akawa anashinda hospitali. Alimnakilia Dereva masomo, akamfulia, akamshika bega alipojifunza kutembea kwa magongo. Mama yake Dereva alikuwa akimshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, Mungu akuzidishie. Ndugu zake wa damu wamekuja mara moja tu, tena wakiangalia saa."

Fundi aliitikia "Amina" huku akitazama sakafu. Darasani alisikia jina lake likiitwa akadhani amekamatwa.

Mara mbili alijaribu kusema. "Siku ile ya majaribio..." alianza.

Dereva aligeukia ukutani. "Fundi, tuache habari za Kiatu. Nakuomba."

Fundi alidhani ni maumivu.

Siku ya ishirini na mbili alishindwa kuvumilia. Aliingia ofisini kwa mhadhiri wao aliyeisimamia timu, akaiweka nati mezani, akasema yote bila kukaa.

Mhadhiri aliigeuzageuza ile nati.

"Kusahau ningekusamehe," alisema. "Mimi mwenyewe nimesahau mengi. Lakini umeificha wiki tatu. Nitampandishaje mtoto wa watu kwenye gari lililofungwa na mtu anayeficha?"

Jina lake likafutwa kwenye orodha ya timu. Alirudisha ufunguo wa karakana, akavua ovaroli, akaikunja vizuri kama nguo ya marehemu.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja wodini. Mama yake Dereva alikuwa ametoka kutafuta maji ya moto. Fundi hakusubiri kiti.

"Ni mimi niliyekuvunja mguu," alisema. "Nati ya gurudumu la kushoto sikuikaza. Nikaificha. Kila siku nakuja hapa mama yako ananiombea dua, nami nanyamaza."

Dereva alimkodolea macho. "Umemwambia nani mwingine?"

"Mhadhiri. Amenitoa kwenye timu."

"Lini?"

"Asubuhi hii. Nimerudisha mpaka ufunguo."

Dereva alipapasa magongo yake kama anayetaka kuinuka akakimbie mahali. Yakaanguka kwa kishindo. Mgonjwa wa kitanda cha pili akashtuka usingizini.

"Si ungeanza na mimi, Fundi! Kwa nini hukuanza na mimi?"

"Ndiyo naanza sasa. Nisamehe."

Dereva alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Niliiona haina rangi," alisema. "Nikaikaza mwenyewe kabla sijaingia garini, rangi sikuipaka. Kwenye kona ile nilifumba macho kwa woga."