Viungo vya Kufungua

Zahoro alipanga mabomba ya plastiki na viwiko vya kuyaunganishia juu ya kaunta, akamwambia muuza duka aongeze kopo la gundi. Tangi la samaki la mkewe lilikuwa tayari sebuleni; lilibaki kuunganishwa na pampu tu.

"Gundi usiweke," Salha alisema. "Tupe viungo vya kukaza kwa mkono, vile vinavyofunguka."

"Vile huvuja," Zahoro alimjibu mkewe. "Tukipiga gundi, tangi halitoki tena pale."

"Ndiyo maana siitaki."

Mkono wa muuza duka ulisita juu ya kopo. Zahoro akageuka taratibu.

"Kwani unataka kulipeleka wapi?"

Neno hili Salha alikuwa amekusudia kulisema nyumbani, wakiwa wawili.

"Dada amenipatia chumba," alisema kwa sauti ya chini. "Nakwenda na samaki wangu."

Zahoro alichukua kiungo kimoja cha kukaza kwa mkono, akakikaza, akakifungua, akakikaza tena, huku muuza duka akisubiri kuambiwa afunge vingapi.