Hata Mende Akikohoa

Kwa mara ya pili siku hiyo, pikipiki ilimpita fundi mabati kutoka nyuma, nusura imzoe, na dereva hakupiga hata honi. Fundi alitikisa kichwa. Watu wa huku, kwa ustaarabu wao huo, wangekuja kumuua mtu kimyakimya.

Lakini kimya ndicho kilichomleta. Ujana wake wote aliumalizia katikati ya jiji akigonga mabati, akaapa kuzeekea mahali pasipo nyundo. "Huku pembeni kodi nafuu, na hata mende akikohoa utamsikia, mzee wangu," dalali alimwambia. Wiki ile ile ya kuhama, homa kali ikamwangusha kitandani. Alipoinuka, alikuta mtaa umetulia kuliko hata dalali alivyoahidi. Watoto walicheza mpira bila fujo. Geti la jirani, kutu tupu, lilifunguliwa bila kulia.

Tatizo lilikuwa mkewe. Mama huyu hakutaka kuhama. Mjini aliwaacha dada zake na genge lake la mboga. Sasa alikuwa amenuna. Midomo ilimchezacheza, neno halitoki, kama kawaida ya mtu mwenye kinyongo. Na fundi akisema lolote, mke alishtuka, akarudi nyuma.

"Nimekukosea nini, mke wangu?" alimuuliza wakiwa mezani.

Midomo ikacheza tena. Kisha mke akajifunika uso kwa khanga, mabega yakamtikisika.

Fundi aliishiwa mbinu. Alikwisha kumbembeleza, akamwomba radhi hata kwa makosa ya uchumba, wapi! Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo aliouogopa ni mmoja: mke kufunga virago na kurudi kwa dada zake. Angebaki peke yake na mende wa dalali. Bati lililopinda angelinyoosha akiwa amefumba macho, lakini hili hakujua alishike wapi.

Asubuhi, mke akiwa uani anafua, fundi alifungua sanduku la mwisho la mizigo, akatoa redio kubwa aliyomnunulia walipooana. Nyimbo zilikuwa zikimlainisha mama huyu hata akiwa amefura vipi. Akachomeka waya. Taa nyekundu ikawaka, sauti hakuna. Akazungusha kitufe kidogo, akazidisha, akakifikisha mwisho. Kimya.

"Imefia njiani," alisema, na machozi yakamlenga.

Mlango ukafunguka. Mkewe aliingia mbio, viganja vyenye povu vimeziba masikio. Nyuma yake, ng'ambo ya ua, majirani walikuwa wamejaa barabarani, wakubwa kwa wadogo, nao wote wameziba masikio wakitazama nyumba yake.

Fundi aliinyanyua redio aikung'ute kidogo, pengine waya umelegea. Ilikuwa ikitetemeka mikononi mwake.