Mmilano wa Mtaa wa Boedo

"Hiyo si milanesa!" Ercole, mwenye mkahawa, alimfokea mteja, sahani ikiwa bado mkononi mwake. "Kwetu Milano inaitwa cotoletta. Sema vizuri au kale kwingine."

Mteja akasema vizuri. Boedo nzima ilishamzoea. Nyama yenyewe ilikuwa ileile ya Buenos Aires yote, iliyopondwa, ikachovywa kwenye yai, ikavikwa chenga za mkate na kukaangwa, ila kwa Ercole hakuna aliyeipata bila kupewa somo. Wabrazili nao wakisema milanesa, aliwaita washamba. Waromania wakisema șnițel, neno la Kijerumani, basi wameuza Kilatini chao kwa Wajerumani.

Ni Osvaldo tu, mwenye bucha la jirani, aliyeanza kunong'ona: "Huyu Milano kaiona kwenye kalenda."

Na kweli. Ercole hakuwahi hata kupanda meli. Alizaliwa huko kusini mwa nchi hiyohiyo, nyuma ya gereji ya matrekta, na uongo ule aliuanza siku alipomtongoza Nélida.

Kwa hiyo Nélida aliposema kwa furaha, "Mume wangu, Jumapili nimemwalika Mmilano, mtu wa kwenu kabisa!" Ercole aliunguza cotoletta tatu mfululizo.

Jumapili mkahawa ulifurika. Osvaldo alikaa mbele. Mgeni, Signor Bonfanti, amevaa skafu ya hariri kwenye joto lile, akakata kipande, akatafuna taratibu.

"Haya, mzee," Osvaldo akamchokoza, "hii kwenu mnaiitaje?"

Mgeni akamgeukia Ercole. "Aanze ndugu yangu."

"Co... cotoletta," Ercole akasema, jasho likimtiririka.

"Cotoletta!" Mgeni akapiga meza. "Tena tamu kuliko ya mama yangu!"

"Na mtaa wenu," Osvaldo akang'ang'ania, "uko upande gani wa kanisa kuu?"

"Kushoto," Ercole akabahatisha.

"Kushoto kabisa!"

Watu wakashangilia. Osvaldo akatoka kichwa chini. Nélida alipoingia jikoni kuleta divai, Ercole akamwinamia mgeni.

"Signor, kwa nini umenisitiri?"

"Signor gani? Mimi mwigizaji wa Córdoba, hapahapa nchini, bwana, nimekuja na basi. Mkeo kaniambia, 'Ercole akisema lolote, wewe itikia tu. Mimi ndivyo ninavyoishi naye tangu tuoane.'"