Mwanamme wa Baada ya Alasiri

Bi Kazija aliibandua gilasi ukutani, akaifuta kwa pindo la kanga kana kwamba alikuwa ameichukua anywee maji.

"Yumo," alinong'ona. "Sauti ya mwanamme. Leo siku ya tatu, kila baada ya alasiri. Na mimi, Bi Thuraiya, si mtu wa kusikiliza ya watu. Masikio tu haya, hayana mlango."

Nyuma ya ukuta ule, katika nyumba ya pili ya mtaa wa Jadida, Samah alikuwa amekaa eda. Mumewe, Sleiman, alikuwa na siku arubaini kaburini.

Thuraiya aliukazia macho ukuta. Sleiman alikuwa ndugu yake wa pekee, mdogo wake aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Nguo zake zilishatolewa sadaka. Picha zake zilifutwa kwenye simu zote za ukoo kwa amri ya Mjomba Ngwali, aliyesema kuwa picha humsumbua maiti. Kilichobaki cha Sleiman duniani ni jina lake, na Thuraiya alikuwa tayari kulilinda hata kwa meno.

"Mlangoni nakaa mimi kutwa," alisema. "Huyo mwanamme apite wapi?"

"Simuni, bibi we! Wa siku hizi hawaji kwa miguu."

Bi Kazija alihamia pale kutoka Tibirinzi wiki mbili tu nyuma, na tayari alizijua habari za mtaa kuliko wenyeji.

"Anamwambia nini?"

"Anamuuliza kama kala. Anamwambia asijichoshe na kazi. Halafu leo, nimesikia kwa masikio yangu, kasema, 'Ijumaa nakuja, inshaallah.'"

Thuraiya alihesabu siku kwa vidole. Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Alitoa simu yake akarekodi nasaha kwa grupu la ukoo, lenye watu mia na sitini. Alisema simu ni moto, na aliyenao ndani ya nyumba asishangae kuungua. Majibu yalimiminika. Binamu aliyeko Maskati alituma kikatuni kinacholia. Mjomba Ngwali alituma video ya mawaidha ya dakika arubaini juu ya madhara ya simu, akataka kila mmoja aisambaze kwa watu kumi.

Baada ya kuisambaza, Thuraiya alirudi kule nyumba ya pili, akaingia chumbani, Bi Kazija nyuma yake. Samah alikuwa ameketi juu ya mkeka, simu sikioni, macho mekundu. Alipomwona wifi yake aliificha chini ya ukaya aliojifunika.

"Ilete."

"Wifi, skiza kwanza."

"Niskize fasiki? Anayesema na anayeskiza dhambi yao moja."

"Wamjua, wifi. Wamjua kuliko mimi."

"Kumbe mtu wa hapa hapa!" Bi Kazija alipiga makofi mlangoni. "Si nilikwambia?"

"Hujamaliza hata nusu ya eda!" Thuraiya alisema. "Ndugu yangu hata udongo wake haujakauka."

"Nifungie mlango ukitaka. Nipe mkate mkavu. Lakini hiyo simu niachie, wifi, nakuomba."

Maombi hayo ndiyo yaliyomaliza shaka. Thuraiya aliipokonya simu ikiwa wazi vilevile, akatoka nayo mpaka sokoni Wete. Njia nzima alikiweka kidole juu ya kioo, isije ikajifunga.

Muhannad, fundi simu, aliipokea kwa mikono miwili, maana Bi Thuraiya aliwahi kumfundisha Kurani chuoni.

"Kuna mwanamme humo," alimwambia. "Kila alichotuma, futa."

Muhannad alitazama kioo. "Kaandikwa 'Habibi', mwalimu."

"Astaghfirullah!"

"Ni voisi tupu, jumbe za sauti. Mia mbili na kumi. Nikuwekee moja upate uhakika kwanza?"

"Wewe nimekusomesha Kurani, leo wataka kunisikizisha uchafu?"

"Nisamehe, mwalimu. Lakini zikifutwa hazirudi. Sipendi mtu kunijia kesho analia."

"Wa kulia ni yeye. Futa."

Muhannad alibonyeza, akabonyeza tena pale simu ilipomuuliza kama ana hakika. Kazi ya dakika moja.

"Tayari. Hakuna hata moja."

Thuraiya alivuta pumzi ndefu. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi, alijihisi mwepesi. Alimwombea mdogo wake rehema, akamwambia kimoyomoyo alale, jina lake liko salama.

Lilibaki jambo moja tu. Alitoa simu yake mwenyewe.

"Nisomee nambari ya huyo mwanamme. Nataka nimwambie mwenyewe kwamba nyumba ya Sleiman ina wenyewe."

Muhannad alisoma taratibu, tarakimu moja moja, na Thuraiya akazibonyeza kwa kidole gumba, midomo ikijiandaa kwa matusi. Alipoigusa ya mwisho, kabla hajapiga, simu yake ilimletea jina aliloliandika kwa mkono wake miaka sita nyuma: Mdogo Wangu Sleiman.