Sura ya Duka

Dada Mkubwa alibana tumbo, akaomba kimoyomoyo bosi asimfikie.

Kila asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, wauzaji walipangwa mbele ya kioo na bosi akawakagua kama mbuzi wa mnadani. Geuka. Inama kidogo. Sketi imeshuka, ipandishe. Na bosi mwenyewe kitambi chake hutangulia kuingia mlangoni, yeye hufuata baadaye.

"Mke anakuja kuchagua gauni, lakini mwenye pochi ni mume," alisema, huku akimfungua kifungo cha juu Kimbaumbau, binti mwembamba kuliko wote, bila hata kumwomba ruhusa. "Mume mpe cha kutazama, atalipa bila kuuliza bei."

Kimbaumbau alitazama sakafu. Kazi siku hizi ni za kubahatisha, na bosi alilijua hilo vizuri mno.

Kwa kuuza, hapakuwa na wa kumfikia Dada Mkubwa. Wateja walimuulizia yeye, wakakaa naye kwenye viti kupiga soga, wakaondoka na mifuko mikono yote miwili. Lakini mumewe alikuwa amepunguzwa kazini, na sasa mshahara wa Dada Mkubwa ndio uliolisha nyumba. Kwa hiyo kila alfajiri alijifunga kitambaa tumboni, akakikaza hadi machozi yakamlengalenga.

Leo kitambaa kilimsaliti. Bosi alisimama, akamtazama mbele, kisha ubavuni.

"Nini hiki?"

"Ni mimba, bosi. Lakini kazi nafanya vilevile, hata wateja..."

"Wateja hawaji hapa kutazama tumbo lako. Unaniharibia sura ya duka. Kachukue vitu vyako."

"Basi niweke hata stoo, bosi. Nyumbani wananitegemea mimi."

"Hilo mngelifikiria mapema, wewe na mumeo," alisema, akacheka peke yake.

Kicheko kile kilimchoma kuliko kufukuzwa. Alichukua mkoba wake, akapita katikati ya wenzake bila kutoa chozi, maana hakutaka kumpa mtu yule raha hiyo. Akatokea mlango wa nyuma.

Bosi alifungua kabati, akatoa mto mdogo wenye kamba, akamrushia Kimbaumbau.

"Jifunge tumboni, uvae lile gauni jipya juu yake, ukasimame mlangoni," alisema. "Fanya haraka, wateja wajawazito wameshajaa nje wanasubiri tufungue."