Mishale ya Buluu

Mama Cherehani aliiacha suruali ya mteja ikiwa na mguu mmoja, akakimbilia uani. Mtaalamu wa ramani za maji alikuwa amechuchumaa kwenye kona, kompyuta mapajani. Ng'ambo ya uzio, wifi yake alikuwa ameshaegemea, shingo ndefu.

"Mtaalamu," akahema, "kwangu panafaa au hapafai?"

Roho ilikuwa juu. Miaka nenda rudi kisima cha karibu kilikuwa kwa wifi. Kila asubuhi Mama Cherehani alibeba ndoo, akapiga hodi, akasubiri wifi amalize kwanza chai yake ndipo afunguliwe geti. Mkutano wa mtaa kuhusu mradi huu aliususia, maana mwenyekiti alikuwa wifi huyo huyo. Lakini mtu akija kupima maji ya ardhini, kuna la kuuliza tena? Safari hii wifi ndiye angepiga hodi, na chai ingenywewa taratibu.

Mtaalamu akamgeuzia kioo cha kompyuta. Mishale ya buluu iliteremka kutoka juu ya mtaa, ikapita chini ya kisima cha mwalimu, cha muuza mkaa, cha wifi, kisha yote ikaja kwenye kona yake.

"Hivi ndivyo maji yanavyotembea huko chini," akasema. "Yakishapita visima vyote, yanakuja kwako. Baada yako ni bonde tupu."

"Maji ya mtaa mzima? Kwangu mimi?" Nusura amkumbatie.

"Na upepo huvuma kuelekea wapi?"

"Bondeni," akajibu. Upepo na maji vilihusiana nini hakujua, ila wasomi nao wana mambo yao.

"Utawavumilia watu? Watakuja alfajiri, wengine mbio mbio."

"Waje hata usiku wa manane!"

"Kusema kweli, mama, wenye moyo kama wako ni wachache. Huko juu nilifukuzwa kila nyumba."

Mama Cherehani akawasikitikia wajinga wa huko juu.

Wifi akakohoa. "Chukua tu, wifi. Kona hiyo ni haki yako. Sisi tutakuwa tunakuja kwako."

Sauti ilikuwa tamu kupita kiasi. Mama Cherehani akaona hivyo ndivyo mtu anavyoongea akishashindwa. Akakubali hapo hapo, akawaachia mafundi ua, akasafiri kwenda kushona nguo za harusi ya binamu yake.

Aliporudi, mafundi walikuwa wamemaliza kazi na kufunga geti, na foleni ilianzia barabarani. Furaha ikamjaa hadi machozi yakamlengalenga. Watu walimpisha kwa heshima. Mwalimu alimshukuru huku akirukaruka, mara mguu huu, mara ule.

Akafungua geti kwa ufunguo wake, akapenya, akalirudishia. Hata uani hakutazama. Alisimama amebandika sikio kwenye bati la geti, akisubiri neno moja tu.

"Hodi, wifi yangu! Hodi jamani!"

Akatulia kwanza. Akajifunga kanga vizuri. Akakohoa kidogo, kisha akafungua taratibu.

Wifi alikuwa wa kwanza kwenye foleni, mkono mmoja tumboni, na ule mwingine, badala ya ndoo, umeshika karatasi ya chooni.