Dereva Aliyekataa Dhamana

Dhamana ilikuwa wazi tangu Jumatatu, lakini Dickson alikataa kutoka mahabusu.

Mkewe, Atupele, alifika kituoni na mwenyekiti wa kijiji, barua mkononi. Askari wa kaunta akagonga muhuri, akamwita mtuhumiwa aje kusaini. Dickson akaja peku hadi mlangoni.

"Rudi nyumbani, Mama Tumaini," akasema. "Kosa ni langu. Niache nihukumiwe."

"Baba Tumaini, una akili kweli?"

Dickson akamgeukia askari. "Afande, wakinitia hatiani, leseni wanaifungia muda gani?"

Atupele alilia njia nzima hadi nyumbani Ipyana. Aliona ni aibu iliyomlemea mumewe. Katika miaka kumi na mitatu ya ndoa hakuwahi kumsikia akinuka pombe, hata misibani. Halafu Ijumaa, saa tano asubuhi, anakunywa bia sita, anapanda lori tupu la tajiri wake na kulikingamisha barabarani, hatua chache kutoka kwa askari wa trafiki waliokuwa wakikagua bajaji. Kama kulikuwa na mahali pabaya zaidi pa kusimama Kyela nzima, yeye hakupajua.

Jioni ile tajiri mwenyewe, mzee Hezroni, akaja nyumbani. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni kama ndugu, akala ndizi alizokaribishwa, akasema ameshamtafuta wakili wa Mbeya.

"Madereva wangu hawaniachi, mama. Wakiumwa, nawatibu. Wakikamatwa, nawatoa."

"Ndaga fijo, tata," Atupele akamshukuru kwa Kinyakyusa kama anayemshukuru baba yake, amepiga magoti.

Moyoni aliona haya. Miezi miwili nyuma Dickson alimwambia anataka kuacha lori, arudi kijijini kwao Busale kulima mpunga wa baba yake. Yeye akamfokea: kazi yenye tajiri wa namna hii ataipata wapi tena? Dickson akajibu tu kwamba kumwacha yule mzee si jambo jepesi. Naye akadhani mumewe anaongea kwa shukrani.

"Sasa sikiliza," mzee Hezroni akasema. "Askari walipogeuka walikuta lori limeshasimama. Hawakuona nani aliyeliendesha. Nitaapa kwamba nilikuwa mimi. Lakini shahidi mmoja hatoshi. Wewe ulikuwa umekaa katikati yetu."

"Tata, Ijumaa mimi nilikuwa shambani, napalilia kokoa."

"Nani alikuona?"

Atupele alifikiri. Hakuna aliyemwona.

Siku ya kesi, wenzake Atupele wa kwaya ya kanisani walijaa benchi la nyuma kumtia moyo. Dickson alikiri kosa, lakini wakili akasema mtu aliyelewa vile hawezi kukumbuka nani aliendesha, na hakimu akaandika kwamba amekana. Mzee Hezroni alitangulia kuapa, akasema kwa sauti tulivu kwamba usukani ulikuwa wake, na kwamba alishuka na ufunguo mfukoni kwenda kumwona mteja. Watu wakatazamana. Tajiri gani huyo, anayemwapia dereva wake?

Kisha Atupele akaitwa. Alishika Biblia, mkono ukawa mzito kama umefungiwa jiwe. Kule kizimbani Dickson alikuwa akimtikisia kichwa, polepole, tena na tena. Anaiogopea roho yangu, Atupele akawaza. Akageuza macho, akatazama ukuta.

"Shahidi, wewe ulikuwa wapi askari walipofika kwenye lori?" mwendesha mashtaka aliuliza.

"Nilishuka kununua maji."

"Duka gani?"

"La... la pale pembeni. Sikuangalia jina."

"Na ulipoona mumeo anakamatwa, ukanyamaza?"

Nyuma yake kulikuwa na kwaya, mbele hakimu, kushoto mume, kulia mzee Hezroni akimtazama bila kupepesa. Hakuwa na pa kurudi.

"Niliogopa," akasema. Lilikuwa neno pekee la kweli alilolitoa asubuhi ile.

Mchana hakimu akasoma uamuzi. Kwamba mshtakiwa alikuwa amelewa, hilo halina ubishi. Kwamba ndiye aliyeendesha, upande wa mashtaka umeshindwa kuthibitisha. "Mahakama inamwachia huru."

Vigelegele vikapasuka benchi la nyuma. Dickson aliendelea kushika mbao za kizimba kwa mikono miwili. Ikabidi askari amwambie mara ya pili ashuke. Alishuka akilia, na wanawake wa kwaya wakafuta machozi yao pia.

Lori lilikuwa limeegeshwa nje, chini ya jua kali, turubai limefungwa kamba kila upande. Mzee Hezroni akaweka leseni na ufunguo kwenye kiganja cha Dickson, akavifumba vidole vyake kimoja kimoja.

"Mzigo umeshapakiwa. Mpakani wanatusubiri leo hii."

Akaenda zake kuagana na wakili. Atupele akamsindikiza mumewe hadi ubavuni mwa lori, akampa kikapu cha chakula, akisubiri walau neno moja la shukrani.

"Zile bia nilikunywa makusudi, Mama Tumaini," Dickson akasema. "Nilitaka wanifungie leseni. Dereva asiye na leseni, huyu mzee angemtumia kwa kazi gani?"

Atupele akafungua mdomo kuuliza. Nyuma ya turubai, katikati ya magunia ya mchele, mtu akakohoa, na mwingine, kwa lugha ambayo Atupele hakuwahi kuisikia, akamnyamazisha.